Risala ya kikundi chetu cha vikoba (cha kuweka na kukopa) Kigamboni kwa mgeni rasmi, Siku ya Wanawake, 8 Machi 2015

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa mtaa, mashehe na wachungaji mliokuja, mama zetu, mashangazi na akina baba wachache mliojisogeza huko nyuma karibu na masufuria, itifaki imezingatiwa. Vikoba oyeee! Mmeitika kivivu, hiyo njaa naijua, basi niende haraka.

Mheshimiwa, kadi iliandikwa saa 4 asubuhi na wewe umefika saa 6 kasoro, wala hatukulaumu, dereva wako katuambia mlikaa foleni ya magari pale kivukoni Magogoni mpaka pantoni mbili zikaondoka mnaziangalia. Pole sana mama. Ila tusamehe tukisema ukweli kwamba tulivyosikia hivyo tulifurahi kidogo, maana wageni wengi wakija huku wanapitishwa pembeni, wanavuka kama upepo, alafu wanatuuliza kero zetu ni zipi.

Tumekaa wiki nzima tunabishana risala ihusu nini. Wengine walitaka tuombe mashine ya kusaga, wengine cherehani. Mwisho tukasema hapana, mwaka huu Mheshimiwa Rais Kikwete anamaliza, Oktoba tunachagua mwingine, na yeye ni jirani yetu kabisa, ukiwa katikati ya maji unaiona Ikulu ile pale nyeupe upande wa Magogoni, kwahiyo tuseme neno la majirani kabla hajahama, na wewe unaingia vikao ambavyo sisi hatuingii utatufikishia.

Tunaanza na asante, na ni asante ya kweli. Aliapishwa 21 Desemba 2005 na ile Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya, na kiukweli kwenye shule tumeiona hiyo kasi. Zamani mtoto wa huku akifaulu darasa la saba lazima umtafutie nauli ya kuvuka kila siku au umpeleke kwa ndugu akawe hausigeli, sahivi shule za kata zipo, walimu hawatoshi sawa, vitabu shida sawa, lakini zipo. Mweka hazina wetu huyu hapa mbele, simama dada wakuone, binti yake amesoma shule ya kata na mwaka huu anamaliza UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho 2007 ndo kimeanza. Mama mwenyewe anauza maandazi. Sisi hatuhitaji takwimu nyingine.

Na akina mama tumepandishwa, hilo halina ubishi, Dkt. Asha-Rose Migiro alipewa Mambo ya Nje kisha akaenda kuwa naibu katibu mkuu Umoja wa Mataifa, Bungeni tangu 2010 anakalia kiti mama Makinda. Juzi juzi Novemba Rais aliposafiri kufanyiwa upasuaji Marekani hapa tulisoma dua na Jumapili kanisani wakamwombea, hakuna aliyetuambia tufanye hivyo.

Sasa mheshimiwa tunakuja kwenye mwaka wa mwisho wenyewe. Sisi kwenye vikoba tuna utaratibu, mwezi wa kuvunja kikoba, yaani wa kugawana akiba zetu, hatukopeshi mtu, hata uje na msiba, tutakuchangia mkononi ila boksi halitoi mkopo. Mwezi ule ni wa kukusanya madeni tu, kuhesabu hisa, na wale watatu wenye funguo wanakaa pamoja boksi linafunguliwa mbele ya watu wote. Kikoba kinachotoa mikopo mipya mwezi wa kuvunja kinakufa na ugomvi, tumeviona. Kwahiyo ushauri wetu kwa jirani yetu ni huo tu, asituanzishie kitu kipya mwaka huu, akusanye viporo.

Kiporo cha kwanza ni daraja. Tangu tukiwa wasichana tunaambiwa daraja linakuja, lakini yeye ndiye aliyeweka jiwe la msingi Septemba 2012, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanatoa asilimia 60 na Serikali 40, mita 680 kutoka Kurasini mpaka huku, njia 6 za magari, na nguzo tunaziona kwa macho sio kwenye tivii. Tunaomba mkandarasi alipwe kwa wakati asije akasimama mwaka wa uchaguzi. Na tunaomba kabisa mapema, kama yatakuwepo malipo ya kupita basi mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli asiguswe.

Lakini mheshimiwa kuna kitu watu wa maofisini hawakioni kwenye hilo daraja. Mama wa samaki daraja halimsaidii sana, soko lake lipo Feri palepale, azunguke Kurasini na ndoo kichwani afanye nini? Huyu ataendelea na pantoni. Anatoka nyumbani saa 10 alfajiri na kanga mbili, moja ya kujitanda moja ya kata, anafika getini watu wamejaa, geti likifunguliwa ni kusukumana, wazee, wajawazito, wanafunzi, baiskeli, yan ukipoteza ndala huirudii. Mwezi uliopita mimi mwenyewe nilimwagiwa beseni la supu ya pweza mgongoni na nikapanda hivyo hivyo, nikaenda kazini nanuka mpaka jioni wenzangu wanafungua madirisha. Nauli mwaka 2012 ilitoka 100 ikawa 200, na tulivyolalamika mkubwa mmoja akasema asiyeweza apige mbizi, tukacheka tukalipa. Hatudai ile mia irudi. Tunachodai ni vivuko visiachwe vikafa kwa sababu daraja limeisha.

Kiporo cha pili kinauma zaidi nacho ni Mji Mpya wa Kigamboni. Tangu 2008 tunaambiwa mji mpya unakuja, msijenge, msiendeleze, subirini tathmini. Sawa tumesubiri. Watoto waliozaliwa mwaka ule wapo darasa la pili. Mwenzetu mmoja wa Tungi choo chake kimetitia na mvua za mwaka jana, fundi anamwambia mama usijenge cha tofali utapoteza hela kitavunjwa, basi amezungushia viroba na mabati, ana wajukuu watano. Akienda benki na nyumba yake kama dhamana wanamwambia eneo la mradi hilo hatulipokei. Hajahamishwa, hajalipwa, na hajaruhusiwa kukaa kwa raha. Wizara ya Ardhi tangu Januari ina waziri mpya Mheshimiwa Lukuvi, tunaomba jirani yetu amuite siku moja tu amwambie watu wa Kigamboni wapewe jibu kabla sijaondoka, ndiyo au hapana. Hata hapana sisi tutaipigia vigelegele.

Maabara za shule za kata, agizo la Rais mwenyewe, muda umesogezwa mpaka Juni. Mchango tumetoa, wengine mara mbili maana risiti ya kwanza ilipotea, sio kwetu. Majengo yakiisha tunaomba na vifaa vije, chumba kitupu sio maabara.

Na Katiba. Ile Inayopendekezwa aliyokabidhiwa Oktoba mwaka jana tunaambiwa ina nusu kwa nusu ya wanawake na wanaume Bungeni na mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanaume, mambo matamu. Ila kura ya maoni ni 30 Aprili, leo ni 8 Machi, uandikishaji wa wapiga kura kwa zile mashine za alama za vidole ndo kwanza umeanza Makambako mwezi uliopita na huku Dar hatujaziona. Sisi hesabu zetu ni za boksi, mheshimiwa, lakini hata kwa hesabu za boksi hii haikai. Bora asogeze kuliko kukimbiza watu kwenye jambo wasilolisoma, nakala hapa mtaani zipo tatu, moja anafungia karanga jamaa wa kona.

Kuhusu Mabilioni ya JK, ile mikopo ya Rais Kikwete kwa wajasiriamali wadogo, hatusemi kitu, tulijaza fomu, tukafungua na akaunti, fomu zipo.

Mheshimiwa risala hii tumeichapa nakala mbili, moja yako, moja ni ya jirani kwenye bahasha ya kaki yenye jina lake. Zawadi yako ni kanga doti moja, tumechagua ya bluu. Pilau lipo tayari, tunaomba ule haraka kidogo sio kwamba tunakufukuza, ikifika saa 10 foleni ya magari ya kurudi inafika mpaka kwenye lami ya juu na leo hutapitishwa pembeni, tumeshamuuliza dereva wako.