Ngano za pwani ziingie darasani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwapongeze walimu wa Gredi ya Pili hapa Lamu wanaofundisha kwa ngano, na papo hapo niwasihi wasiishie kwa mabinti wa wafalme wa Ulaya. Watoto wetu wanayo hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa wa ngano za pwani, aliyefungwa gerezani akamtuma kijakazi Saada kwa mamake, naye mama akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ambao walinzi, kwa kuudharau, waliuacha upite. Kisha usiku wa ngoma ya gungu, vishindo vya ngoma vikafunika sauti ya tupa ikikata minyororo.

Nimelishuhudia darasa moja likiigiza kisa hiki. Watoto wengi walipiga makopo, mmoja akakwaruza bati kwa msumari, na waliobaki, wamefumba macho, wakatega masikio waisikie tupa. Mtoto ambaye kwa kawaida hathubutu kusoma kwa sauti alidai apewe sehemu ya Saada, akaisoma ubaoni neno kwa neno. Mtaala unataka kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na haya yote yalikuwamo katika kipindi kimoja.

Ninawaomba wasimamizi wa elimu katika kaunti wawaruhusu walimu wakuu kuwaalika mabibi wa mitaani waje kusimulia ngano, angalau mara moja kwa muhula, waite "Paukwa!" na darasa liitikie "Pakawa!", kisha walimu waziandike ngano hizo kwa herufi kubwa ili watoto wazisome wenyewe.

Mzazi,
Langoni, Lamu