Mlima Mwekundu, Mlima wa Bluu

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, na mama yako amesisitiza nikuandikie kwamba mguu wake umepona. Nilipopata habari kuwa umefika Melbourne salama, jambo la kwanza lililonijia, nakiri, halikuwa masomo yako bali picha moja iliyomo katika jumba la sanaa la mji huo, ambayo nakala yake, niliyoikata kwenye kalenda, ndiyo ile niliyoibandika juu ya meza yako ulipokuwa darasa la sita.

Ni mlima Rigi wa Uswisi, kando ya ziwa la Lucerne, wakati wa machweo. Mwingereza J. M. W. Turner aliuchora kwa rangi za maji mwaka 1842, akiwa na miaka 67. Mlima una karibu mita 1,800. Karatasi yake ni sentimita 30 kwa 46 hivi.

Bila shaka unakumbuka ugomvi wetu. Uliichora Usambara jioni, kama inavyoonekana kutoka kwetu siku isiyo na ukungu, ukaipaka bluu iliyofifia na kuacha karatasi tupu juu yake. Nami nikakwambia kwamba hukumaliza kazi, na kwamba saa za magharibi mlima huwa mwekundu, tazama ukutani. Uliipaka nyekundu huku unalia, karatasi ikalowa mpaka ikatoboka.

Mimi ndiye niliyekosea. Rigi iko mashariki ya mji wa Lucerne, kwa hiyo jioni jua huwa mgongoni mwa mchoraji na kuupiga mlima usoni. Usambara iko magharibi yetu. Jua huzama nyuma yake, nasi tunabaki na kivuli. Turner alilijua hilo, kwani mlima uleule aliuchora pia alfajiri, jua likitokea nyuma yake, na katika picha hiyo, ambayo jumba la Tate la London liliinunua mwaka 2007, mlima ni wa bluu kama wako. Na ile karatasi tupu niliyoilaumu ndiyo mwanga wenyewe, maana katika rangi za maji weupe hauongezwi, unaachwa. Hata Turner alikuwa na mazoea ya kuikwangua rangi iliyokwisha kukauka ili weupe ule urudi.

Kazi za karatasi hazitundikwi muda wote, kwa sababu mwanga huzichujusha, basi uliza kwanza kabla ya kupoteza nauli. Ukiiona, sogea karibu utazame pale mlima unapokutana na maji, kisha uniandikie, kwa kuwa kwenye kalenda yangu mahali hapo ni doa la zambarau tu.

Picha yako iliyotoboka imo sandukuni, pamoja na vyeti vyako. Upande wa juu, ambako sikukulazimisha kupaka kitu, bado ni mweupe.

Ni mimi,
Baba yako