Mkunga naye aulizwe hali

Mhariri,

Ukurasa wako wa barua haukosi malalamiko juu ya lugha zetu sisi wauguzi: tuna midomo mikali, tunanuna, hatuitikii salamu. Mengi ni kweli, na mwanamke aliyefokewa akiwa na uchungu ana haki ya kulalamika. Lakini niruhusu nielezee usiku mmoja wa wodi ya wazazi hapa Pemba.

Mama alijifungua vizuri, mtoto akalia. Kisha damu ikaanza kutoka, haikatiki. Tukamchoma oksitosini, sindano ya kuzuia damu, tukasugua tumbo, tukatundika dripu mikono yote miwili, mwenzangu akakimbilia damu. Alfajiri haikumkuta. Mumewe alikuwa mlangoni na chupa ya uji na khanga mpya mfukoni, kila nikipita ananiuliza, "Vipi, bi mkunga?" Mimi ndiye niliyempa habari. Sijamaliza kusema, kitanda cha pili kinaita, kichwa cha mtoto kishaonekana. Nikabadilisha glovu, nikaenda kusema, "Sukuma mwanangu, bado kidogo tu." Na hongera nikampa. Usiku ule tulikuwa wakunga wawili wodi nzima.

Kifo cha mzazi hujadiliwa, na ni haki kijadiliwe. Kikaoni niliulizwa sindano ilichomwa saa ngapi, damu iliagizwa saa ngapi, partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, iko wapi. Nilijibu yote. Kama nimelala au sikulala, hakuna aliyeuliza, na jioni ile ile nilikuwa zamu tena. Kwa muda mrefu baadaye mtu akiniita "bi mkunga" sokoni, moyo unanipasuka.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa na hali za afya, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019, limeitaja hali hii: kuchoka kupita kiasi, kujitenga na kazi yako hata kuichukia, na kuona hufanyi la maana. Halikuiita ugonjwa. Limesema inatokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Basi wa kushughulikia si muuguzi peke yake. Huku kwetu ukisema umeelemewa, wenzako wanakutania upelekwe Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na wakubwa wanakwambia usubiri, ni kadari. Kadari naiamini. Haimzuii mtu kupanga mkunga wa tatu usiku.

Naiomba Wizara ya Afya: mkunga aliyefiwa na mzazi mikononi mwake apumzishwe zamu inayofuata, bila kukatwa posho. Aje pia mshauri nasaha katika hospitali za Pemba, asiwe bosi wetu, na tutakayomwambia yasiingie kwenye faili. Huyo mshauri najua atachukua muda kupatikana. La mapumziko ni kazi ya anayeandika ratiba, na anaweza kulianza wiki hii.

Mkunga,
Pemba
(Jina limehifadhiwa)