Kwa vijana mlioapa kuchoma miwa

Wajukuu zangu wa hapa Mumias,

Nimepata habari za kikao chenu cha juzi usiku pale kwa fundi wa baiskeli. Miwa ya mwenzenu imeteketezwa, ekari mbili nzima, ikiwa imebakiza miezi miwili ivunwe. Mnamjua aliyewasha, au mnadhani mnamjua, na mmeapa kwamba kabla ya Jumapili shamba lake nalo litawaka. Mmoja wenu anaimba kwaya. Huyo namwandikia kwanza.

Sitawaambia msikasirike. Miwa hukaa shambani mwaka na nusu ikila mbolea na palizi, na karo ya watoto imo humo humo. Aliyewasha amemwibia mwenzenu jasho la miezi yote hiyo.

Lakini mimi nilipokuwa na miaka 23 nilifanya hayo hayo mnayoyapanga. Jirani alikuwa amesogeza mpaka wa baba yangu. Alikuwa na makosa, na hadi leo nasema alikuwa na makosa. Usiku nikawasha miwa yake. Upepo sikuuwazia. Moto uliruka njia ya trekta ukaingia kwa mjane mwenye nusu ekari tu, ukala na jiko lake la nyasi. Asubuhi yule mama alikuja kwetu kuomba unga, na mimi ndiye niliyempimia. Alikufa hajui.

Someni Waamuzi 15. Samsoni alikamata mbweha 300, akawafunga mikia wawili wawili, akatia mienge katikati, akawaachia kwenye nafaka ya Wafilisti. Watoto wa Sunday skuli tunawasimulia mpaka hapo, wanacheka. Mstari unaofuata Wafilisti walimchoma moto mke wa Samsoni pamoja na baba mkwe wake. Samsoni akalipiza tena, nao wakapanda mpaka Yuda kumtafuta, na pande zote mbili zilikuwa na jibu moja: tunamtenda kama alivyotutenda.

Paulo alipowaandikia Warumi, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana," hakuwaambia wanyamaze. Huyo Bwana ana mafaili yote, hata lile langu la yule mjane. Na sura inayofuata Paulo anataja wenye mamlaka. Basi nendeni kwa chifu, mkaandikishe kituo cha polisi, mpewe nambari ya OB, lile daftari lao la matukio. Ninyi mnaotaka kufunga siku tatu ili jirani apigwe na radi, hicho nacho ni kiberiti, ila mnamkabidhi Mungu awawashie.

Miwa iliyoungua bado yafaa kukatwa na kusagwa, lakini haingoji. Siku chache tu sukari inashuka, uzito unapungua. Mwenye trekta nimeshaongea naye. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa shambani kwa mwenzenu. Njooni na hayo mapanga mliyoyanoa.

Babu yenu,
mzee wa kanisa