Mwacheni amtaje mwanawe: barua kwa akina mama wa kikundi chetu, Ujiji

Kwa akina mama na mabinti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana,

Assalaamu alaykum. Na ninyi dada zetu wa kanisani tulio pamoja humu, Bwana asifiwe.

Nimeona niandike, kwa sababu kikaoni tukishamaliza hesabu ya michango kila mtu anawahi sokoni, na jambo hili halisemeki mtu akiwa amesimama. Binti yetu aliyefiwa na mtoto ameanza kutukwepa. Kikao haji, mchango anamtuma mdogo wake. Nimesikia wanaosema ameota kiburi, na wanaosema imani imemtoka. Mimi nimekwenda kwake nikakaa. Kiburi hana, na Mola wake hajamwacha. Anaowakimbia ni sisi, kwa maneno yetu.

Msibani tulifanya kazi, sina budi kulisema. Turubai liliwahi, majamvi yakaja, maji yakachotwa, na waliotoka Gungu na Kibirizi walikula wakashiba. Kikundi kama hiki ndicho kinachomsitiri asiye na kitu. Lakini siku ya tatu tulipoanua tanga na kukusanya masufuria yetu, kila mmoja alimwachia neno lake pale mlangoni. Kazi ya Mungu haina makosa. Bado mdogo, utazaa mwingine. Usimlilie sana, unamsumbua huko aliko. Shukuru, wenzako wamefiwa na waliokwisha kusomeshwa. Hilo la mwisho nililisikia kwa masikio yangu, na aliyelisema ni mtu mzima.

Wanangu, maneno hayo tumeyarithi, na waliotuachia hawakuwa watu wabaya. Nilipokuwa msichana hapakuwa na nyumba isiyo na kaburi dogo. Surua ikipita mtaani, misiba ilifuatana. Mama aliyefiwa alizungukwa na waliofiwa wenzake, na aliyemwambia "utazaa mwingine" alikuwa amekwisha kuzika wake. Maana ilikuwa moja na ilieleweka: nami nilidhani sitaamka tena, na niliamka. Leo chanjo, vyandarua na kliniki vimetupunguzia vilio, alhamdulillahi. Utafiti wa taifa wa 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai hawafikishi miaka 5. Ule wa 2022 ulikuta 43. Neema hiyo ni kubwa, mimi niliyeona kabla yake naijua. Ila mama anayefiwa leo anakaa katikati ya wenzake ambao hawajazika. Neno lililokuwa faraja kinywani mwa bibi yangu linamchoma likitoka kwa aliyembeba wake mgongoni anapolisema.

Hili la imani ndilo lililonikosesha usingizi. Mnaoisoma Sura ya Yusuf mnajua kwamba Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Na waliomkemea ni watu wa nyumbani kwake: hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uugue, au ufe kabisa! Akawajibu kwamba masikitiko yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Hakuwaambia ameacha, aliwaambia anakoyapeleka. Na huyohuyo aliyeharibika macho kwa kulia ndiye aliyewaagiza wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Sasa nani kati yetu atamwambia mtoto wa watu kwamba machozi na imani havikai nyumba moja?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimpakata mwanawe Ibrahim akiwa anakata roho, na macho yakamtiririka. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akashangaa, hata wewe? Akajibiwa kuwa hiyo ni rehema: jicho hulia, moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupayuka maneno ya kumlaumu Mungu. Na zile siku tatu mnazomhesabia watu wanazitaja bila kuzielewa. Zinahusu kujizuia mapambo na kukalia matanga, kwamba mwanamke asizidishe siku hizo ila kwa mumewe. Hakuna aliyeuwekea moyo siku tatu. Nanyi Wakristo mnaye Raheli, aliyewalilia watoto wake akakataa kufarijiwa, na Biblia imemwandika bila kumkaripia.

Nataka niseme na jambo la kike, waziwazi, maana hakuna aliyelisema kule msibani. Mtoto aliyekuwa akinyonya akiondoka, maziwa hayana habari. Siku ya pili, ya tatu, matiti yanajaa yanakaza, na akilia mtoto wa jirani yanashuka yenyewe. Binti yetu alikaa kwenye jamvi na kanga aliyoikunja mara mbili kifuani, mkono mmoja umeishikilia pale, na wa pili anapokea pole. Chumba kilijaa wazazi. Hakuna aliyemwinamia akamwuliza. Siku nyingine mmoja wetu ampeleke chumbani. Asimfunge kanga kwa kumkaza kama ilivyokuwa zamani, inamzidishia maumivu. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kwa kuwa akiyamaliza yatakuja mengine. Awekewe kitambaa cha maji baridi, apewe kidonge cha maumivu. Titi likiwa jekundu, lina moto na homa imempanda, ni zahanati siku hiyohiyo.

Na tuache kumsimulisha. Kila aliyeingia alitaka kusikia tangu mwanzo: alianza lini kuumwa, mlimpeleka saa ngapi, daktari alisemaje? Yule anayeulizwa anajiuliza hayo usiku kucha bila msaada wetu. Mkitaka habari, kuna shangazi wa mtoto, mwulizeni yeye pembeni.

Mnong'ono wa "mkono wa mtu" nao nimeusikia, na jina la mke mwenziwe likitajwa. Mtoto alishikwa na degedege. Degedege huletwa na homa kali, na Kigoma yetu, mkoa wenye malaria nyingi, mara nyingi ni malaria iliyompanda mtoto kichwani. Dawa yake iko hospitali, na haingoji kukuche. Siku aliyokufa yule Ibrahim jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawakatalia palepale, katika msiba wake mwenyewe: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Ikiwa yeye hakuruhusu kifo cha mwanawe kitafutiwe ishara mbinguni, sisi tusikitafutie mchawi uani. Ramli ikipigwa, nyumba hiyo itakuwa na misiba miwili.

Mimi nimezaa saba. Sita mnawajua, wengine mmesoma nao. Wa nne aliondoka na surua kabla hajatimiza miaka miwili, na nikiulizwa nina watoto wangapi nasema saba. Zamani waliokuwa wakinisikia walinirekebisha. Siku hizi kwa uzee wangu wananiacha. Umri wake naujua. Wakishuka wanaume wa rika lake kwenye treni pale stesheni ya Kigoma, jicho linawafuata lenyewe. Sala tano nimesali miaka yote hiyo, Ramadhani nimefunga, na jina lake limo katika dua ya kila alfajiri. Sijaona siku ambayo kumkumbuka kulinipunguzia ucha Mungu. Kinyume chake, zipo alfajiri ambazo ni yeye aliyenitoa kitandani, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumwombea.

Kwa hiyo mwacheni amtaje mwanawe, nanyi mtajeni. Tumegeuka watu wa kusema "yule marehemu", "lile jambo". Mtoto alipewa jina, akafanyiwa akika, tulikula nyama yake sote. Nguo zake msizigawe kwa niaba ya mama. Kuna aliyekwisha kuzifungasha akidhani anamsaidia, zikarudishwa kwa machozi. Alichonionyesha mimi ni kadi ya kliniki, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kitambaa. Aliifungua kwenye ukurasa wa uzito akanifuatishia kwa kidole jinsi mstari ulivyokuwa ukipanda kila mwezi. Alikuwa anakua vizuri, bibi, angalia. Niliangalia, nikamwambia kweli, alikuwa anakua vizuri. Hakutaka kingine.

Wanaume nao, mkifika nyumbani wasomeeni kipande hiki. Kwetu mama hafuati jeneza. Mtoto anatolewa mlangoni mikononi mwa wajomba, naye anabaki na wanawake, hajui kilichofuata. Aliyeingia kaburini kumpokea amwambie: kaburi liko upande gani wa njia, karibu na mti upi, nani alimlaza mwanandani na alimlazaje. Ni maneno ya dakika chache na yatamkaa maisha. Na baba wa mtoto msimsahau. Yeye ni mvuvi, alirudi ziwani giza la mwezi lilipoingia kwa sababu nyumba lazima ile, watu wakasema amesahau upesi. Mbalamwezi ikirudi na mitumbwi ikilala nchi kavu, wenzake wa Kibirizi wamfuate, wakae naye, wasimpigie hadithi za dagaa tu.

Kwa kikao kijacho naomba mwenyekiti aniwekee hoja moja. Daftari letu lina safu ya sanda, ya turubai na ya chakula, na vyote vinakwisha siku ya tatu. Liongezwe zamu ya kumtembelea mfiwa baada ya matanga, wawili wawili, mpaka ifike arobaini, kisha siku ya kumbukumbu ya mwaka. Haihitaji mchango. Anayekwenda achukue unga au samaki wa mgebuka kama anao, na kama hana aende hivyohivyo, afue, achote maji, akae. Na mdogo wake akija na pesa ya mwezi huu, msiipokee mkaishia kumwandikia stakabadhi. Mmoja wenu amrudishe mpaka nyumbani akamsalimu dada yake.

Zamu ya kwanza nimeichukua mimi, Alhamisi baada ya Alasiri. Anayetaka tuongozane anipitie.

Wabillahi tawfiq.

Bibi yenu, Ujiji