Supamaketi ikifungwa, makato yetu huwa yanaenda wapi?

Mhariri,

Kila supamaketi kubwa ikianguka hapa Kenya tunasoma kuhusu deni la benki, masaplaya na malandilodi, halafu huko chini kabisa unapata mstari mmoja kwamba wafanyakazi pia wanadai. Mimi nimekaa kwa kaunta miaka mingi, jina la duka naliacha. Tulifika asubuhi tukakuta kufuli mpya na masoja hatuwajui, meneja simu yake imezimwa.

Watu wanasema eti duka lilifungwa ghafla. Ghafla gani? Sisi tulijua miezi mingi kabla. Kwanza saplaya wa maziwa anakataa kuleta, halafu mkate, halafu unaambiwa panga tishu mbele mbele rafu ionekane imejaa. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 hapa kwetu, Uganda, Tanzania na Rwanda, na 2017 kila mteja aliona hizo rafu tupu. Msimamizi aliyewekwa na mahakama alikuja Januari 2018, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ivunjwe. Supamaketi ya Uchumi ilishafunga 2006 serikali ikasaidia ikafunguliwa, 2015 ikafunga tena maduka ya Uganda na Tanzania, halafu 2020 ikawa zamu ya Tuskys kuyumba. Sasa afisa wa leba anangoja nini kuingia dukani, mnada?

Sheria iko. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kupunguza watu, chama cha wafanyakazi na afisa wa leba wapewe notisi ya mwezi mmoja, ulipwe likizo zako zilizobaki, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Aliyekuwa anapata 24,000 na amefanya miaka minane hapo ni kama 96,000, kodi ya nyumba ya miezi kadhaa na karo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni makato. Slipu ya mshahara inaonyesha sakko imekatwa, NSSF ya pensheni imekatwa, mkopo wa benki umekatwa, kumbe kampuni ilikuwa inakata na haipeleki popote, pesa zinazungushwa kulipa saplaya ndio duka lisukume wiki nyingine. Halafu sakko inakupigia wewe kwamba hulipi mkopo, na wadhamini wako ni nani? Si ni hao hao wenzako wa kaunta na stoo, ambao pia hawana kazi. Akiba zao zinafagiliwa kulipa mkopo wako ambao ulishakatwa kwa mshahara wako! Hilo menejimenti wanaliita deni la kampuni, mimi nasema huo ni wizi, maana hiyo pesa haikuwa ya kampuni hata siku moja, na aliyesaini hizo slipu anajulikana.

Kufika kwa foleni ya kulipwa nako ni stori nyingine. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inatanguliza gharama za msimamizi, benki iliyoshika mali kama dhamana inachukua yake, sisi tunakuja baadaye na mishahara ya miezi minne tu, isiyozidi 200,000 kwa mtu. Hatuko nyuma ya wote, masaplaya wengi tuko mbele yao, ila hiyo haikusaidii kama mali yote imeshikwa na benki.

Kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Kifungu cha 66 cha hiyo Sheria ya Ajira kinasema mwajiri akifilisika, mfanyakazi aandikie Waziri na alipwe sehemu ya anachodai kutoka mfuko wa NSSF. Nimeuliza wenzangu, keshia, wapakiaji, hata mmoja wa ofisi ya uhasibu, hakuna aliyewahi kusikia. Si Waziri wa Leba atuambie fomu iko wapi na ni wangapi wameshalipwa hivyo.

Na NSSF wana kompyuta, wanaona mwajiri wa mamia ya watu akikosa kuleta michango mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wamtumie kila mfanyakazi meseji mwezi huo huo, tujue mapema tukiwa bado tuna kazi na bado kuna mali ya kushikilia.

Keshia wa zamani,
Nakuru