Mnatufundisha dabo-diging, mwalimu wake hamumtaji

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda.

Kila mkitoa kurasa za kilimo naona maelekezo ya dabo-diging, yaani kuandaa tuta kwa kina cha beleshi mbili, chimba hivi, weka mboji hivi, kama vile hii kitu iliota yenyewe porini. Na mkigusa kilimo cha bayodainamiki, aina ya kilimo hai kinachofuata hata mwezi wakati wa kupanda, ndo kabisa, stori yote inaishia kwenye pembe la ng'ombe lililojazwa samadi na kufukiwa ardhini, watu wanacheka, wanafungua michezo.

Kuna mtu anaitwa Alan Chadwick. Mwingereza, kazaliwa 1909, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, vita kuu ya pili akaipigana majini. Mwaka 1967 akafika chuo kikuu cha California pale Santa Cruz kuanzisha bustani ya wanafunzi, akachukua mteremko wa vichaka na udongo mgumu ambao hata mbuzi angeuonea shaka, akashika beleshi akaanza kuchimba. Trekta hakuna. Wanafunzi wakaanza kumsogelea, wengine wakanogewa wakawa wanashinda bustanini kuliko darasani.

Alichokifanya ni kuunganisha vitu viwili. Cha kwanza ni mafundisho ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa aliyeanzisha hiyo bayodainamiki, zile hotuba 8 za Juni 1924 kule Koberwitz, enzi hizo Ujerumani, leo ni Poland, kwamba shamba ni mwili mmoja, mifugo, mimea, udongo, vyote vinalishana. Cha pili ni ujuzi wa wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, ambao walikuwa wanajaza matuta samadi ya farasi, maana mji ulijaa farasi, wakawa wanavuna mara kibao kwa mwaka kwenye kaeneo kadogo. Hapo ndo likatoka tuta tunalolijua, unachimba kina cha beleshi moja, halafu chini yake unalegeza kwa uma kina kingine kama hicho, jumla kama sentimita 60, unaweka mboji, unapanda miche karibu karibu hadi majani yakikua yanagusana na kuufunika udongo, jua haliupigi, maji hayakimbii, magugu yanakosa pa kuchomoza.

Sasa hapo kwenye kulegeza ndo mimi nilipoumbuka. Nilisoma maelekezo kama hayo yenu, nikachimba nikapindua kila kitu, udongo wa chini ule mwekundu usio na uhai ukaja juu, mweusi mzuri ukaenda kuzikwa. Mboga zikatoka za njano, zimedumaa, nikasema hii dabo-diging ni utapeli. Mpaka mama mmoja mtu mzima akapita, akachukua kiganja cha udongo, akakifinya, akaniambia mwanangu, umempindua mtu kichwa chini miguu juu halafu unamuuliza kwa nini hali. Wa juu unabaki juu, wa chini unalegezwa hapohapo ulipo. Akashika uma, akaukanyaga ukazama, akauyumbisha kidogo bila kupindua, akanipa mimi nijaribu. Dakika 10 tu, na hakuna gazeti lililokuwa limeniambia vile.

Na ndo maana ninamuongelea Chadwick. Yeye kitabu cha kilimo hakuandika, mengi tuliyonayo ni hotuba zilizorekodiwa kwenye kanda. Alifundisha kwa mkono, anakuonyesha, unarudia, ukikosea anawaka (hasira zake zilijulikana, wapo waliomkimbia, na Santa Cruz penyewe hakudumu miaka mingi, akawa anahama bustani hadi bustani mpaka akafariki 1980). Lakini ile bustani ipo mpaka leo, na kwa miaka mingi imefundisha wanagenzi. Kazi yake ndo ilimwamsha John Jeavons, Mmarekani, ambaye yeye aliandika, kitabu kikatoka 1974, na kwa njia hiyo matuta haya yakafika mpaka Kenya, pale kituo cha kilimo cha Manor House karibu na Kitale, tangu 1984 wanafundisha wakulima wadogo. Kwa hiyo bibi anayechimba tuta lake Kitale leo amefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu, ukiufuata huo mnyororo unafika kwa yule mzee na beleshi lake.

Simfanyi malaika. Pembe mimi sijawahi kufukia na mwezi siuangalii nikipanda. Majaribio ya muda mrefu ya Uswisi, yanaendelea tangu 1978, matokeo yaliyotoka 2002 yalionyesha mavuno ya kilimo hai na bayodainamiki yako chini kama asilimia 20 kuliko ya kilimo cha kawaida, ila mbolea iliyotumika ilipungua sana na udongo ukawa na uhai zaidi. Anayetaka kubishana abishane na hayo, pembe aliache kwanza.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa tena maelekezo, tafuteni mkulima anayefundisha wenzake mumuulize anawaonyesha nini, na jina la Chadwick liwepo hata kwenye mstari mmoja. Halafu ule mchoro wenu ubadilishwe, yule jamaa aliyechorwa amesimama katikati ya tuta na mabuti, akilishindilia alilotoka kulichimba.

Ni mimi msomaji wenu, mkulima wa mboga